Mutukula, Masaka, Lukaya: na Baba msimu wa senene

Nimeandika haya kutoka kwenye daftari dogo la safari na picha za simu, baada ya kurudi Bukoba na kupumzika. Waliouliza njia na nauli watazikuta humu humu. Bei ni za Novemba tuliyosafiri, kwa shilingi ya Uganda isipokuwa nikisema vingine.

Baba amegonga miaka sabini. Mwaka 1979 alikuwa tanboi (utingo) wa lori la kubeba unga na maharage, moja ya malori ya watu binafsi yaliyochukuliwa kusaidia jeshi. Alivuka mpaka nyuma ya askari wetu, na tangu alivyorudi hajakanyaga tena Uganda. Mama alipofariki, nyumba ya Baba niliishika mimi: kidonge cha presha saa moja asubuhi, chumvi ya kupimwa, kulala saa tatu, kipimo cha mkononi kila Jumatatu na Ijumaa. Kazi yangu ni ya stoo ya dawa. Huko nimejifunza kwamba kitu kidogo kisipohesabiwa, kuna mgonjwa mahali fulani anayelipia. Basi Baba alipoomba kwenda kuiona Lukaya, mji mdogo kati ya Masaka na Kampala, kabla magoti hayajamgomea, nilitengeneza ratiba ya karatasi moja: Jumatatu kulala Masaka, Jumanne Kampala, Jumatano Entebbe, Alhamisi nyumbani.

Aliisoma mpaka chini, akaikunja vizuri, akanirudishia. "Nzuri. Na Lukaya ni saa ngapi?"

Lukaya ilikuwepo. Nusu saa, njiani kwenda Kampala.

Jumatatu: Bukoba – Kyaka – Mutukula – Masaka

Kuna basi la moja kwa moja Bukoba hadi Kampala, na mwenye haraka apande hilo. Sisi tulikwenda kwa vipande kwa sababu Baba alitaka kusimama. Stendi tulifika saa kumi na mbili asubuhi. Gari liliondoka saa mbili kasoro, lilipojaa.

Lami ya kwenda Mutukula ni nzuri, kama kilomita themanini. Kwenye daraja la Kyaka Baba aliacha kuongea. Mwishoni mwa Oktoba 1978 majeshi ya Amin yaliingia Kagera yakaja mpaka hapa kwenye mto, wakalilipua daraja, na Amin akatangaza kwamba ardhi yote ya upande wa kaskazini ni yake. Tarehe 2 Novemba Mwalimu akalihutubia taifa. Baba aliisikia hotuba ile kwenye redio ya jirani, akiwa kijana wa kupakia ndizi. Siku ile alikuwa na mpango wa kwenda Mwanza kujifunza ufundi cherehani, tena nauli alikuwa amekwisha kuilipa.

Mutukula ni rahisi siku hizi. Ofisi za nchi mbili zimekaa pamoja: unagongewa muhuri wa kutoka dirisha hili na wa kuingia dirisha la pili. Raia wa Afrika Mashariki halipi viza. Chukua kadi ya homa ya manjano, sisi tuliulizwa. Pesa badilisha ofisini, usibadilishe na vijana wa barabarani. Siku ile laki ya kwetu ilitoa laki na thelathini na kitu ya kwao. Laini ya simu inasajiliwa kwa pasipoti, na inachukua muda.

Nikiwa nasajili laini hiyo Baba akapotea. Nilimkuta nyuma ya malori, amekalia kreti ya soda, anakunywa chai na madereva wanaosubiri karatasi zao. Mmoja alitoka Dar, mwingine Mombasa, wa tatu ni Mganda aliyekulia Bombo, na Kiswahili chao kilikuwa kimoja. Yule wa Mombasa alikuwa pale kwa siku ya tatu. Nilimwuliza anavumiliaje. Akaniambia, "Dada, mzigo si wangu, mpaka si wangu, karatasi si zangu. Changu ni usukani, na sasa hivi gari limezimwa." Akamwongeza Baba chai.

Teksi ya kwenda Masaka (wenzetu wa Uganda wanaiita hivyo hiace) ni 15,000. Nayo haiondoki mpaka ijae. Tulikaa ndani saa mbili na zaidi. Kila nilipotazama saa, Baba alinitazama mimi, mwisho akasema kwa upole, "Mama, gari linajazwa na watu. Halijazwi na macho yako." Kisha akalala, kichwa kwenye kioo. Baadaye tulijaa ghafla, familia nzima ya watu sita walitokea na godoro, na tukaondoka.

Kyotera mvua. Masaka tumeingia giza linaanza. Gesti 50,000 vitanda viwili, maji ya moto yapo kwa ndoo ukiomba.

Usiku huo huo, Nyendo, Masaka

Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo safari ilipoanza kutoka mikononi mwangu na nikaiona ikitoka.

Mnaotoka kwetu mnajua Novemba ni nini: msimu wa senene, wale wadudu wa kuliwa wa jamii ya panzi. Masaka ni hivyo hivyo, ila wao wamelifanya jambo kubwa. Kwenye viwanja vya wazi wanasimamisha mabati mapya kwa kulaza, safu kwa safu, chini ya kila bati pipa, na juu wanawasha taa za umeme zenye mwanga wa kuumiza macho. Senene wanaufuata mwanga, wanagonga bati, wanateleza pipani. Wengine wanafukiza majani mabichi ili moshi uwalegeze. Kutoka dirisha la gesti mbingu ya Nyendo ilikuwa nyeupe.

Saa tatu nilimpa Baba maji na kumtakia usiku mwema. Saa nne kitanda chake kilikuwa kitupu, viatu havipo, koti lipo. Nikachukua koti nikafuata mwanga.

Alikuwa amesimama kando ya mapipa na kijana aliyewahi kupakia mizigo Mutukula, ndiyo maana Kiswahili alikijua. Kijana alimweleza Baba kila kitu: alikopa kununua mabati, akalipia umeme, akakodi kiwanja, akaajiri vijana wawili wa kulinda. Wiki iliyotangulia hakupata hata gunia. Jirani yake, hatua hamsini tu, alijaza manne.

"Unafanyaje sasa?" nilimwuliza. Nilitaka kujua kwa kweli. Ningekuwa mimi ningekuwa nimehamisha kila bati.

"Nafuta mabati yang'ae. Naangalia nyaya mvua isiingie. Nawasha." Akanyoosha kidole juu. "Hao wenyewe sina namba zao za simu."

Baba alicheka mpaka akashika kiuno. Nikamvalisha koti. Tukaletewa benchi, tukakaa. Saa saba usiku upepo uligeuka na wakaja. Kwanza wachache kwenye nywele zangu, kisha mabati yakaanza kulia kama mvua ya mawe, na vijana wakawa wanakimbia na magunia wakipiga kelele. Baba alikuwa ameinua mikono, senene wanamtua kwenye mabega, na uso wake niliutambua kutoka kwenye picha moja ya harusi yake na Mama. Tulirudi gesti alfajiri na mfuko tuliopewa. Kijana alikataa pesa: "Mzee ameleta baraka."

Ushauri: ukienda kuangalia, vaa mikono mirefu na miwani kama unayo. Zile taa na moshi vinawasha macho kesho yake yote. Na uliza kabla ya kupiga picha, wengine hawapendi. Mchana sokoni kikombe cha waliokaangwa niliuziwa 5,000.

Jumanne: Masaka – Lukaya

Ratiba ilisema kuondoka saa moja asubuhi. Saa moja Baba alikuwa anakoroma. Nilikaa ukingoni mwa kitanda na kidonge chake mkononi na nikaamua asiamshwe. Kidonge kikingoja saa mbili hakiharibiki; hilo nalijua kwa kazi yangu.

Tulikula saa nne: katogo ya ndizi na maini, chai ya maziwa, 8,000 wawili. Mji wa Masaka ulipigwa vibaya sana vita vile. Askari wetu waliuingia tarehe 24 Februari 1979, na wazee wa pale wanakuonyesha nyumba ipi ni ya kabla na ipi ya baada. Mzee mmoja muuza magazeti alimsikia Baba akiagiza chai, akamwuliza, "Wewe ni omukombozi?" Ndivyo walivyowaita askari wetu, bakombozi. Baba akasema hapana, mimi nilibeba unga tu. Mzee akasema, "Huo unga nilikula," wakashikana mikono muda mrefu.

Teksi ya Kampala 20,000. Kilomita mbili tatu kabla ya Lukaya rejeta ilitoa mvuke tukateremka sote. Kondakta aliturudishia nusu bila kugombana, na abiria wakaanza kusimamisha magari mengine. Mimi pia nilikuwa nimeinua mkono. Baba akachukua mfuko wa senene, akasema, "Nilipafika hapa kwa lori. Leo nitaingia kwa miguu," akaanza kutembea.

Jua lilikuwa kali baada ya mvua. Nilikuwa na maji lita moja, mwavuli, na kipimo cha presha kwenye begi. Nilishika mwavuli juu yake, akausogeza uje upande wangu. Tukaenda hivyo hivyo. Alisimama alipotaka. Alitafuta mwembe ambao chini yake walishushia magunia, na mwembe haukuwepo. Palikuwa na duka la saruji. Alitafuta kilima cha mchwa. Sikumharakisha, na kwangu hilo lilihitaji nguvu kuliko kutembea.

Lukaya inajulikana kwa wachomaji. Gari likisimama tu wanalizingira kwa kuku wa kijiti, nyama ya mishikaki, na gonja, yaani ndizi tamu za kuchoma. Mama mmoja wa gonja alimwona Baba anavyohema, akaacha wateja, akaleta kiti chake mwenyewe. Gonja mbili 2,000, na kiti bure. Alipojua tunatoka wapi alimtuma mtoto nyumbani, na mtoto akarudi na bibi yake, mama mkwe wa yule mama, mwanamke mrefu mwenye gomesi ya kijani, lile gauni refu la Kiganda. Alimtazama Baba juu mpaka chini.

"Nyinyi mulikuwa nalala kwa shamba yetu," alisema. Kiswahili chake alikipata miezi ile ya vita na hajakitupa. "Muliiba mihogo, lakini mulisema asante. Leo munalala kwa nyumba."

Chumba cha Kampala nilikuwa nimekilipia 60,000 za utangulizi. Nilipiga kusema hatuji, na pesa ile ilikwenda. Nataja ili msomaji ajue: ukisafiri njia hii na mtu mwenye kumbukumbu zake, usilipe vyumba mbele.

Jioni bibi alikaanga senene wetu. Yeye na wanawe hawakuonja, kwa sababu ukoo wa mume wake ni wa Nsenene, na kwa Waganda senene ndio mwiko wa ukoo huo. Aliwachambua, akawakaanga na kitunguu, akawaleta mbele ya mgeni wake, kisha akakaa kula matoke na mchuzi wa karanga. Aliwatia chumvi, niliiona ikimwagika. Nilifungua mdomo. Baba alikuwa anamsikiliza bibi akihesabu majina ya watu waliokimbilia kwenye mafunjo na watoto mgongoni, na nikaufunga. Alikula sahani nzima. Baada ya chakula alitoa kwenye mfuko wa shati kikaratasi kilichokunjwa, akafungua, akameza kidonge chake cha siku ile na maji ya bibi. Alikuwa amekibeba mwenyewe tangu asubuhi. Kilichokuwa mkononi mwangu gestini kilikuwa cha akiba.

Jumatano: Lwera

Mbele ya Lukaya barabara inaingia bwawani Lwera, mafunjo kushoto na kulia hadi mto Katonga. Samaki wanauzwa kando ya njia, wametundikwa kwenye vijiti. Maji ya pale yana nguvu: Mei 2023 daraja la Katonga lilibomoka, na magari ya Kampala na Masaka yakalazimika kuzunguka kupitia Mpigi na Sembabule. Msimu wa mvua nyingi uliza hali ya barabara kabla ya kuanza.

Bodaboda mbili, 5,000 kila moja, zilitufikisha mahali ambapo Baba alisema panatosha. Kaka yake bibi, aliyekuwa mvulana wa miaka kumi na moja wakati ule, alikuja nasi.

Usiku wa tarehe 10 Machi 1979 majeshi ya Amin, pamoja na Walibya waliotumwa na Gaddafi, waliwapiga askari wetu hapa Lukaya na wa kwetu wakarudi nyuma wakiwa wametawanyika. Kesho yake wakajipanga, kikosi kingine kikazunguka, wakaichukua tena. Baada ya hapo njia ya Kampala ilikuwa wazi, na mji ule ulianguka tarehe 11 Aprili. Hayo yapo vitabuni. Ambalo halipo ni lori moja la unga lililokuwa likirudi kinyumenyume gizani, na dereva aliyemwambia tanboi wake aruke, alale kwenye mafunjo, asitoke mpaka aitwe. Tanboi akaruka. Dereva hakumwita.

Baba alilisema hilo akiwa amesimama, ameshika fimbo aliyokatiwa na yule kaka, akitazama majini. Miaka yote sikulijua. Mama alilijua, nadhani.

"Dereva alikuwa mtu wa mipango," alisema. "Kila gunia aliliandika. Alijua siku ya kurudi, alijua atamnunulia nani khanga. Mimi sikuwa na mpango wowote, nilikuwa nafuata lori. Hakuna aliyepanga kufa hapa, mwanangu, wala aliyepanga kupona."

Nilimwuliza kama ndiyo sababu ananirudishia ratiba zangu. Alifikiri. Alisema ratiba zangu zimempa miaka, anajua hilo na anashukuru. "Lakini asubuhi nikiamka nataka na mimi niwe na kitu cha kuamua. Hata kama ni chumvi."

Nilisema sawa. Tuligawana pale pale, barabarani, malori yakipita: vidonge na kliniki vibaki kwangu kuulizia, kwa kuulizia tu; chakula, kulala, kutoka na kurudi ni vyake. Yule kaka alikuwa shahidi. Kisha tulisali kwa ajili ya dereva, na bodaboda walizima pikipiki zao na kuvua helmeti.

Alhamisi: Lukaya – Bukoba (mimi)

Likizo yangu iliisha. Baba alisema harudi. Yule kaka amemwahidi kumpeleka Kayabwe kwenye mstari wa ikweta, halafu kuna mazishi ya mtu waliyemfahamu wote wawili, halafu ataona. Pengine Jumapili.

Nilitaka kusema mambo mengi. Niliacha vidonge vya siku kumi, kipimo, 150,000, namba yangu imeandikwa kwenye karatasi mbili. Bibi alinifunga kwenye jani la mgomba matoke ya njiani. Teksi Lukaya hadi Masaka 7,000, Masaka hadi Mutukula 15,000. Mvua. Nilifika nyumbani usiku.

Jumapili hakuja. Simu yake haikupatikana tangu mchana. Niliosha madirisha yote ya nyumba yake, nikapika, nikala, nikaenda kwenye ibada ya jioni. Nilishika simu mara nyingi na kuiweka. Hofu ilikuwepo, sitasema haikuwepo. Ila nilikuwa nimetoa neno langu mbele ya shahidi, na mtu mzima aliyevuka Lukaya mara mbili ana haki ya kuchelewa siku moja.

Jumatatu saa tisa aliteremka kwenye gari la Mutukula na nusu gunia la senene na kuku hai. Simu iliisha chaji na hakuona haja ya kuhangaika. Kwa watakaosafiri na wazee: pale mpakani alipewa nafasi ya mbele bila kuomba, na kijana wa mizigo alimbebea gunia kwa 2,000. Kuku walimruhusu pia, lakini msimtegemee afisa wa siku nyingine awe hivyo hivyo.

Senene aliwagawa mtaa mzima, wenye chumvi na wasio na chumvi, kila mfuko umeandikwa. Sasa anauliza habari za Jinja, maana askari wetu waliuingia mji ule Aprili ile ile na lori lingine alilopandishwa lilifika huko. Mwenye kujua nauli ya sasa ya Kampala hadi Jinja, na gesti yenye chumba cha chini kwa ajili ya magoti, aniandikie. Tarehe bado hajaniambia.